Kuwamba na Kupiga Bombo Legüero, Ngoma ya Chacarera

Bombo legüero ni ngoma ya Santiago del Estero, kaskazini mwa Argentina, na ndiyo inayoibeba chacarera, muziki wa dansi wa huko. Jina limetoka kwenye legua, kipimo cha zamani cha takriban kilomita 5. Husemwa mlio wake hufika umbali huo. Mzinga, yaani mwili wa ngoma, huchongwa kwa gogo la ceibo, mti mwepesi wa jamaa moja na mwamba-ngoma wetu. Ngoma ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 40 hivi na urefu wa 50 hivi.

Kinachoitofautisha ni manyoya. Ngozi ya mbuzi au kondoo huwambwa na manyoya yake, yakitazama nje, pande zote mbili. Manyoya hufisha milio ya juu na kubakiza mrindimo mzito. Ukiyanyoa ili ngoma ionekane safi, utapata ngoma yenye makelele na bombo limekwisha.

Anza na mdomo wa mzinga. Pitisha kidole kuuzunguka wote. Palipo na ncha kali pasugue kwa msasa hadi pawe mviringo, maana hapo ndipo ngozi hukatikia. Loweka ngozi kavu kwenye maji baridi usiku kucha. Maji ya moto yasikaribie: huisinyaza ngozi, ikakauka ngumu kama ubao. Ikikunjika kama blanketi bichi, iko tayari.

Kata duara linalozidi mdomo kwa sentimita 8 kila upande. Kunja ukingo wake kuizunguka pete nyembamba ya ndani, kisha weka juu yake pete pana ya mti. Pete ya ndani iache nafasi ndogo kati yake na mzinga. Ikibana, ngozi yenye manyoya haitashuka hata ukivuta vipi.

Kamba hupita kwenye matundu ya pete ya juu na ya chini kwa zamu, ikishuka na kupanda. Kila kamba mbili zinazokutana huvishwa kitanzi cha ngozi. Ukikisogeza kitanzi, kamba hizo hukaribiana na ngozi hukazika. Siku ya kwanza vuta kwa nguvu ya mikono tu: ngozi husinyaa yenyewe ikikauka, na iliyokazwa mno ikiwa mbichi hupasuka au hupinda pete. Ianike kivulini siku 3 hadi 5. Kisha kaza vitanzi vinavyotazamana, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu. Ukikaza kwa kufuatana, pete huenda upande.

Kupiga sasa. Ning'iniza ngoma begani kwa mkanda, mkono wa kushoto ulale juu ya mzinga. Kulia shika mkwiro wenye kichwa laini, wa kupiga ngozi. Kushoto fimbo nyembamba ya kugonga pete ya mti. Hesabu sita, polepole:

1 pete, 2 kimya, 3 ngozi, 4 pete, 5 ngozi, 6 kimya.

Fimbo inaigawa sita mara mbili, mkwiro unaigawa mara tatu lakini unaliruka pigo la kwanza. Mvutano huo ndio chacarera. Kosa la wanaoanza ni kupiga ngozi kwenye 1, na papo hapo mdundo unageuka walsi, dansi ya hesabu tatu. Dawa yake ni kugonga pete peke yake dakika kadhaa, 1 na 4, mpaka mkono wa kushoto usihitaji kufikiriwa, ndipo uongeze ngozi. Mkwiro uguse na kuruka. Ukiukandamiza unaua mlio.

Manyoya yatachakaa mahali mkwiro unapotua. Ni kawaida, wala si sababu ya kubadili ngozi. Siku za unyevu ngozi hulegea: sogeza vitanzi, usiisogeze ngoma kwenye moto. Ukimaliza, virudishe nyuma ili ngozi ipumzike, na kabla ya kuihifadhi pekua manyoya karibu na pete, maana wadudu huanzia hapo.