Kabla hujawaambia wenzako "tuhamie Signal", weka haya sawa kwanza

Najua una hamu. Umesoma kitu kuhusu faragha, umeijaribu Signal (app ya kutumiana meseji kama WhatsApp) wewe mwenyewe ukaipenda, na saivi unataka usiku huu huu umwage linki kwenye grupu la washkaji ili kesho wote wawe wamehama. Subiri kwanza. Mimi nilifanya hivyo hivyo Januari 2021, kile kipindi WhatsApp walitoa masharti mapya wakasema mwisho wa kukubali ni tarehe 8 Februari (baadae wakasogeza mpaka 15 Mei), kila mtu anaforwadi onyo, kila mtu ana wasiwasi. Saa tano usiku nikatupa linki kwenye grupu letu la tuliosoma wote, watu 41, nikaandika maneno makali, nikaaga, nikalefti. Walikuja 17. Ilipofika mwezi wa tatu tuliokuwa tunaongea kule ni watu watano. Na mwezi huo huo mwenzetu mmoja akafiwa na baba yake, tangazo likawekwa kwenye grupu la zamani, watu wakachanga, wakapanda basi wakaenda Korogwe kuzika, mi nimekuja kujua siku ya nne. Alinipigia akaniuliza tu "kaka, ulikuwa wapi?" na sikuwa na jibu.

Baadae tumejaribu tena, safari hii na kikoba chetu, watu 23, na imekubali. Wengi ni watu wale wale, Signal ni ile ile, kilichobadilika ni kazi iliyofanyika kabla linki haijatumwa. Hiyo kazi ndio nataka nikupe.

Anza na sababu, na iwe ya kweli. Usiwaambie watu "WhatsApp wanasoma meseji zenu" maana sio kweli, tangu 2016 meseji za WhatsApp zinafungwa kuanzia kwa anayetuma mpaka kwa anayepokea, na mfumo unaozifunga ni ule ule uliotengenezwa na watu wa Signal. Kwenye grupu lako lazima kuna mtu anajua hilo, akikusahihisha mbele ya watu umeshapoteza, hata mambo ya kweli utakayosema baada ya hapo hawatayaamini. Tofauti ipo kwenye vitu vinavyozunguka meseji, yaani unaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, na namba gani zipo kwenye simu yako. Signal hivyo vitu hawaviweki. Mwaka 2016 waliwahi kudaiwa kisheria kule Virginia, Marekani, watoe taarifa za mtumiaji, wakatoa walichokuwa nacho: tarehe aliyofungua akaunti na siku ya mwisho alipoonekana hewani, basi.

Na kuna kisa ambacho watu wanakipenda ukiwasimulia, mi huwa naanzia hapo. Brian Acton ni mmoja wa wawili walioanzisha WhatsApp mwaka 2009, wakaiuza kwa Facebook 2014 kwa dola bilioni 19, yeye akaondoka 2017, alafu 2018 akatoa dola milioni 50 kusaidia kuanzisha taasisi inayoendesha Signal, taasisi isiyo ya faida, haina matangazo. Mtu aliyeijenga WhatsApp kwa mikono yake aliweka hela yake kule. Hiyo shangazi yako anaielewa kuliko maelezo ya usimbaji (huko kufunga meseji).

Ila bado, sababu ya dunia haitoshi, tafuta ya grupu lenu. Yetu ilikuwa hivi: kwenye grupu la zamani kulikuwa na picha za vitambulisho vya watu, risiti za miamala, nani anadaiwa kiasi gani, na humo humo kuna namba kama nane hatukumbuki hata nani aliziingiza. Nilipolisema hilo kwa mhazini hakuniuliza swali la pili.

Kama unachotaka ni faragha usiwapeleke Telegram ukadhani ni kitu kimoja. Maongezi ya kawaida ya Telegram na magrupu yake yote hayajafungwa mwanzo mpaka mwisho, kinachofungwa ni yale maongezi ya siri ya watu wawili ambayo inabidi uyawashe mwenyewe. Telegram ni nzuri kwa mafaili makubwa na chaneli, na wanafunzi wanaotumiana noti nawaelewa kabisa. Wakenya wao wanakumbuka Novemba 2023 ilivyozuiwa kipindi cha KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari.

Sasa twende kwenye simu, maana hapa ndipo wengi wanakwama na wewe huku unadhani wamekupuuza. Kabla ya yote chukua daftari, andika majina ya watu wote wa grupu, mbele ya kila jina jiulize mambo matatu: ana simu gani, laini yake ni ipi, bando ananunua la namna gani. Signal inataka Android au iPhone, kwenye kitochi haiingii, kwa hiyo kama una mtu wa kitochi ujue mapema kwamba huyo anahitaji njia nyingine, usimwache aje kugundua mwenyewe siku ya kuhama. Kuna wenye simu janja lakini memori imejaa mpaka haiwezi kupokea picha, huyo ukimwambia "pakua tu ni dakika moja" unamtukana bila kujua, inabidi kwanza umsaidie kufuta video za salamu za asubuhi za miaka mitatu.

Laini ndio ilinishangaza. Signal wakati wa kujiandikisha inatuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na unakuta watu wengi tu WhatsApp yao iko kwenye laini ambayo haipo tena. Hapa Tanzania usajili wa alama za vidole ulipofika mwisho Januari 2020 laini nyingi zilifungwa, mtu alikuwa hana namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), akanunua laini nyingine baadae, ila WhatsApp ikaendelea na namba ya zamani mpaka leo. Kwetu walikuwa watatu. Kuna na dada yetu yuko Muscat, WhatsApp yake ni namba ya Tanzania na laini yenyewe hajui hata aliiacha kwenye mkoba gani, yeye ilibidi ajisajili kwa namba ya Oman. Tena walioko Uarabuni usiwaahidi kwamba simu za video zitakubali, sheria za kule kuhusu kupiga simu kwa intaneti ni kali, mwambie ajaribu kwanza ndio mseme.

Bando nalo. Wewe unanunua kifurushi cha mwezi chenye GB zake huwazi. Mwenzako ananunua cha wiki cha mitandao ya kijamii, na vifurushi vya namna hiyo mara nyingi vimetaja WhatsApp, Facebook na Instagram tu, maana yake kila meseji ya Signal itakata kwenye MB za kawaida ambazo hana, au itakaa tu hewani mpaka apate vocha. Huyo mtu hakukatalii, hana hela ya urafiki wa sehemu mbili. Mi nimeona watu wakilaumiwa kwamba "hawajielewi" na kumbe tatizo ni shilingi elfu moja, na iliniuma. Mwombe akutumie meseji ya kifurushi anachonunua, kisome na wewe, alafu mtafute pamoja kingine cha bei hiyo hiyo kinachoingia kila sehemu. Kama hakipo, huyo bado sio wa kuhamishwa.

Linki isiwatangulie. Tumeshazoea nchi hii meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", watu wamejifunza kwa maumivu kwamba linki isiyo na maelezo ni mwizi, na wana haki. Ukitupa linki usiku na maneno ya haraka haraka, nusu ya grupu watadhani umehakiwa. Piga simu kwanza, sauti yako waisikie, mmoja mmoja, ni kazi, watu 23 nilitumia jioni nne. Na kwenye hiyo simu sema mapema kabisa: utatumiwa namba ya uthibitisho, hiyo ni yako peke yako, akiomba mtu yeyote usimpe, hata mimi nikiomba usinipe. Maana siku mnahama ndio siku nzuri kwa tapeli kujifanya admini. Grupu jipya lenyewe liwekee idhini ya admini ili anayeingia kwa linki lazima akubaliwe na mtu anayemjua.

Unaanza na nani? Usianze na grupu zima, na usianze na wale wapenzi wa teknolojia, hao wangehama hata bila wewe. Kila grupu lina watu wawili watatu ambao wakinyamaza grupu linanyamaza. Kwetu ni mhazini, kwa sababu kila mtu anasubiri kuona jina lake kwenye orodha ya waliolipa, na jamaa mmoja mwenye voisi za kuchekesha za Jumatatu asubuhi. Hao wawili nilikaa nao wiki tatu kwenye Signal peke yetu mpaka wakazoea, ndio tukaita wengine. Siku wengine wanaingia wakakuta orodha ya mwezi imeshawekwa na voisi ipo. 2021 walikuta chumba kitupu na mimi ninayewakaribisha.

Kumbuka pia sisi wote tumeshahama sana. Tulikuwa hi5, eBuddy, Nimbuzz, 2go, wenye uwezo BBM, na BBM imefungwa rasmi kwa watu wa kawaida tarehe 31 Mei 2019. Hakuna aliyetupa semina ya kuhamia WhatsApp. Tuliingia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko SMS na haikutaka nywila, namba yako ya simu ndio wewe. Ilitutua mzigo. Google wao walikuja na Google+ mwaka 2011, hela wanazo, wataalamu wanao, na 2019 wakaifunga, kwa sababu mtu akiingia hakuti ndugu zake na hakuna shida yake iliyotatuliwa. Kwa hiyo ukiona mwenzako hahami jiulize anapungukiwa na nini akibaki, na kama jibu ni hakuna, basi mzigo wa kuhama ubebe wewe badala ya kumbebesha yeye.

Usimwambie mtu aache WhatsApp. Hili nalisisitiza. Kuna dada kwenye kikoba anauza vitenge kwenye stetasi, wateja wake wote wako pale, kumwambia afute ni kumwambia afunge duka. Omba kitu kimoja tu: maongezi ya grupu hili yafanyike kule. Mengine abaki nayo.

Kubalianeni tarehe, na kabla ya tarehe hiyo hamisheni kumbukumbu, kwa sababu meseji za WhatsApp haziji Signal. Katiba ya kikoba, orodha za michango, picha za risiti, vyote vitoke vikae kwenye daftari na kwenye barua pepe ya katibu. Alafu wekeni mwezi mmoja wa kutumia sehemu mbili, na ndani ya huo mwezi sheria ni moja: msiba, ugonjwa na ajali vinatangazwa pote pawili na kwa SMS ya kawaida. Sisi tuliteua mtu wa kazi hiyo, jina lake linajulikana, ndio ana orodha ya namba zote kwenye karatasi. Mwezi ukiisha grupu la zamani usilifute, libadilishe watume maadmini tu, acha tangazo juu linalosema tuko wapi na namba ya kupiga.

Simu zinaibiwa, hasa ukikaa dirishani kwenye daladala, na Signal ukipoteza simu bila bekapu meseji zimeenda. Siku ya kumsajili mtu ndio siku ya kumwashia bekapu na kumwandikia ule ufunguo mrefu kwenye karatasi, na ile pini yake ya Signal aiandike pia. Wazee wangu wawili nilikwenda nyumbani kwao kabisa, huwezi kuelekeza hivyo kwa simu.

Na usiiuze kama kitu kisichoanguka. Signal yenyewe ililala karibu siku nzima tarehe 15 Januari 2021 watu walipofurika, WhatsApp, Facebook na Instagram wakalala masaa kama sita tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, Waganda walizimiwa intaneti yote siku kadhaa Januari 2021, na sisi Oktoba 2025 tumeishi hivyo hivyo. Ile karatasi ya namba za simu sio ya ushamba, iwepo.

Kwetu kati ya 23 wamebaki wanne hawajaja. Mmoja ana kitochi, mmoja memori, mmoja hataki tu na amesema vizuri kwa heshima, wa nne yule ambaye kifurushi chake bado hatujakipatia jibu. Kila Jumamosi jioni mhazini akishaweka orodha mi nawaandikia hao wanne SMS, jina lako limetiki, umebakiza kiasi gani, mkutano ni saa ngapi, kwa nani. Juzi yule wa memori amenijibu anaulizia simu yenye GB 64 inauzwaje Kariakoo.