Anza na nyumba: kupiga filamu fupi kwa kiapo cha Dogme 95

Skripti iache kwanza. Tafuta nyumba. Ukianza kuandika utajikuta na onyesho la msiba lenye jeneza, na jeneza huruhusiwi kulileta.

Kutoleta kifaa chochote kutoka nje ni sharti la kwanza kati ya kumi ya Dogme 95, kiapo cha kupiga filamu bila mapambo kilichotiwa saini Copenhagen, Machi 1995, na waongozaji filamu wawili wa Denmark: Lars von Trier na Thomas Vinterberg. Siku chache baadaye von Trier alikwenda Paris kwenye kongamano la kuadhimisha miaka 100 ya sinema, akasoma tangazo lao, kisha akawarushia wasikilizaji vipeperushi vyekundu. Walichoka na sinema ya mapambo. Mimi huwafundisha vijana kupiga filamu kwa simu hapa Tanga, na sijaona zoezi linalomnyoosha mwanafunzi haraka kuliko kiapo hiki.

Sasa ingia kwenye hiyo nyumba na daftari. Andika kila kilichomo, maana kinachohitajika kwenye hadithi lazima kiwe tayari pale unapopigia. Tuliwahi kupewa nyumba ya bibi mmoja Ngamiani: cherehani ya miguu, kabati la vyombo lenye kufuli, kitanda cha kamba uani, kalenda ya mwaka uliopita. Kijana mmoja alikuja na wazo la mfanyabiashara na begi la fedha. Begi halikuwepo. Kufuli lilikuwepo, na tulipouliza ufunguo anao nani, hadithi ikaanza yenyewe: mabinti wawili na mama asiyetaka kabati lifunguliwe. Waigizaji wavae nguo zao wenyewe.

Sharti la pili ndilo gumu, na hapo ndipo utakaa sana. Sauti haitengenezwi mbali na picha, wala picha mbali na sauti. Muziki hakuna, isipokuwa unapigwa palepale mnaporekodi. Katika filamu ya von Trier, Idioterne (1998), kuna muziki wa mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, lakini ulipigwa kwa melodika, kile kinanda cha kupuliza, wakati kamera inarekodi. Kwa sisi tuliozoea filamu ambayo mtu akilia tu kinanda kinamsindikiza, hii ni adhabu.

Tatizo lenyewe utaliona kwenye kuhariri. Bodaboda ikipita katikati ya sentensi, nawe ukakata picha hapo, muungurumo unakatika ghafla, na huruhusiwi kuufunika kwa sauti nyingine. Kwa hiyo fanya hivi. Pigeni onyesho zima mwanzo hadi mwisho bila kusimama, kisha mlirudie zima, kamera ikiwa upande mwingine. Unapohariri, tafuta pa kukata penye kishindo cha asili: mlango uliobamizwa, sufuria iliyowekwa chini, mtu aliyekohoa. Zima feni na jokofu kabla ya kuanza. Adhana ikiingia, msisimame. Waambie waigizaji wafanye ambavyo wangefanya nyumbani, ama wanyamaze ama wapunguze sauti. Bodaboda ikipita, wapaze sauti kama watu wote wa mtaa ule. Maikrofoni ya waya ya bei nafuu, ikishikwa karibu na mdomo lakini nje ya picha, inatosha.

Kamera ni ya mkononi. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana mbavuni, na tembea kwa magoti yaliyolegea. Usichore alama sakafuni za mwigizaji kusimama. Aende anakotaka, wewe mfuate, ukimkosa, umemkosa. Festen, filamu ya Vinterberg iliyopata Tuzo ya Jopo la Majaji huko Cannes mwaka 1998, ilipigwa na Anthony Dod Mantle kwa kamera ndogo ya video ya Sony, ya kurekodia mambo ya nyumbani. Kamera inajipenyeza kati ya wageni mezani kama ndugu mmoja aliyekuja bila mwaliko. Baadaye picha zilihamishiwa kwenye mkanda wa milimita 35, kwa kuwa sharti la tisa linautaja. Sisi tunaishia kwenye umbo lake tu: weka simu kwenye uwiano wa picha wa 4 kwa 3.

Taa za ziada ni marufuku. Kaeni karibu na dirisha, au washeni balbu iliyopo, hiyohiyo hata kama ni dhaifu. Kiapo kinaruhusu taa moja iliyofungwa kwenye kamera, na simu yako inayo tayari, ila inafanya nyuso zing'ae kama zimepakwa unga. Itumie giza linapozidi kabisa.

Yaliyobaki ni mepesi. Picha iwe ya rangi, bila filta, na ile programu ya kulainisha ngozi izimwe. Hadithi itokee hapa na sasa, bila kurudi nyuma kwenye utoto wa mtu. Bastola na mauaji hapana. Filamu za aina maalumu, kama za kutisha au za upelelezi, nazo zimekatazwa, sharti ambalo mimi naliona legelege: filamu ya Lone Scherfig ya mwaka 2000, Italiensk for begyndere, ni vichekesho vya mapenzi waziwazi, na cheti cha Dogme ilipata. La kumi linawauma wengi: jina la muongozaji lisiandikwe. Usiliweke hata kwenye bango.

Mkimaliza, andika ungamo. Hii ilikuwa desturi yao. Vinterberg alikiri kwamba katika Festen alifunika dirisha kwa kitambaa cheusi, jambo alilolihesabu kuwa kuongeza kifaa na pia kupanga mwanga; tena kwamba meza ya mapokezi ya hoteli iliundwa, ingawa kwa vitu vilivyokuwepo palepale. Andika siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijaanza kukutetea. Kama mlifunika dirisha kwa kanga, taja dirisha lipi, kanga ilitoka wapi, na ilionekana kwenye maonyesho gani.