Jamvi la zege: pima unene kabla ya kununua saruji

Nimemwaga majamvi mengi hapa Kigoma, kuanzia Gungu mpaka Ujiji, na swali la mwenye nyumba huwa lile lile: "Fundi, mifuko mingapi?" Hesabu yenyewe ni fupi. Urefu mara upana mara unene, vyote kwa mita. Chumba cha mita 5 kwa 4, kikipimwa ndani ya kuta, jamvi la sentimita 10: 5 × 4 × 0.10, ni mita za ujazo 2.

Kinachotuumiza ni ile sentimita 10.

Kuna mama wa Katubuka nilimhesabia nikiwa nimesimama mlangoni tu, kwa sababu moramu, ule udongo wa kujazia chini ya zege, ilionekana imekaa sawa. Saa kumi jioni saruji ikaisha, kona ya nyuma ikiwa bado wazi, na duka la karibu limefungwa. Tulimalizia kesho yake. Pale zege la leo lilipokutana na la jana pakabaki mstari, na hadi sasa akipiga deki maji yanaingia humo. Iliniuma sana, maana pesa ile aliichanga kidogo kidogo.

Tangu siku hiyo sitaji mfuko hata mmoja kabla ya kufunga kamba. Naivuta ukuta hadi ukuta, kwenye usawa ambao uso wa jamvi utafika, na kuihakikisha kwa pima maji. Kisha nachukua kijiti, nakitia alama kwa kisu kwenye sentimita 10, nakisimamisha chini ya kamba kila hatua moja. Moramu ikiwa sawa, alama inagusa kamba. Penye bonde, alama inabaki chini ya kamba. Hapo napima kwa futi kutoka moramu hadi kamba na kuandika. Nikimaliza najumlisha vipimo vyote, pamoja na zile 10 za penye usawa, nagawa kwa idadi yake. Wastani ukiwa 12 badala ya 10, chumba kile kile kinataka mita 2.4, yaani mifuko miwili na nusu zaidi. Bora uongeze moramu, uimwagie maji na kuishindilia, kuliko kujaza bonde kwa saruji.

Kwenye zile mita 2 ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kumwagika: 2.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na kidogo ya kilo 50, kwa hiyo nunua 14. Mchanga mita 1, kokoto mita 2. Usishangae vitu vikavu kuzidi zege lenyewe: mchanga unajificha katikati ya kokoto, na saruji katikati ya mchanga.

Saiti tunapima kwa ndoo ya lita 20. Mfuko mmoja wa saruji, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Masika mchanga wenye unyevu huvimba, hata kwa robo, kwa hiyo agiza zaidi kidogo. Mchanga ukija, panda kwenye lori uupime kabla haujamwagwa: urefu, upana, kina.

Mimi huomba na mfuko wa 15, ukae pembeni bila kufunguliwa. Ukibaki, tunapigia lipu ya baraza.