Una nyota mmoja wa vikapu? Timu inajengwa hivi

Kila msimu hunijia kocha mgeni na maneno yale yale: "Mwalimu, nina kijana hakamatiki, lakini tunafungwa tu." Namuuliza, mpira ukiwa mikononi mwa huyo kijana, wale wanne wengine hufanya nini? Hapo hunyamaza. Basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Andika kasoro za nyota wako

Sifa zake hazihitaji daftari, mtaa mzima unazo. Keti pembeni mechi tatu uandike mengine: mkono upi hawezi kudundia, huanza kuchoka dakika gani, akizongwa na watu wawili hukaa na mpira kwa muda gani. Wangu alikuwa hana kushoto kabisa. Timu pinzani zililijua hilo kabla yangu, na bado naona haya.

Hatua ya 2: Chagua wanne wa kuziba hizo kasoro

Kosa kubwa ni kumzungushia nyota wafungaji wengine wanne. Mpira ni mmoja, na mna sekunde 24 tu za kushambulia. Tazama Philadelphia 76ers waliofika fainali ya NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2001. Allen Iverson alikuwa mfupi na mwepesi, kazi yake kufunga. Eric Snow aliwakaba magadi (wale wachezaji wa nje wanaoongoza mpira) wakubwa ambao Iverson asingewaweza. Dikembe Mutombo, Mkongo yule, alilinda ringi na kudaka rebaundi, yaani mipira inayokosa na kurudi. Aaron McKie alitokea benchi akafanya lolote lililohitajika. Lakers waliwafunga 4–1, sawa, lakini kikosi kile kingekuwa na Iverson watatu kisingefika huko.

Kwa hiyo tafuta: mmoja wa kumkaba mfungaji wao hatari (asiwe nyota wako, utamchosha), mmoja wa rebaundi, na wawili wenye shabaha ya mbali.

Hatua ya 3: Mpe nafasi ya kupumua

Uwanja wetu ni wa simiti huku Likoni, mistari imefutika zamani. Kabla ya mazoezi tunachora kwa chaki duara mbili, moja kila kona, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Kwenye kona mstari huo uko mita 6.60 kutoka ringini, ilhali kwingine ni 6.75, kwa hiyo kona ndiyo pa karibu zaidi. Warushaji wawili wanakaa humo. Kijana akivutika kumfuata nyota kama nzi na embe, namrudisha duarani. Mlinzi wake akimwacha aende kumzonga nyota, pasi inakwenda kona. Asipomwacha, nyota amebaki na mtu mmoja, na mtu mmoja hamwezi.

Sasa zoezi lenyewe. Weka walinzi wawili juu ya nyota. Hesabu kwa sauti: moja, mbili. Kabla hujamaliza "mbili" mpira uwe umemtoka. Anayeupokea haruhusiwi kudunda: arushe, au ampe mwenzake papo hapo. Pasi hiyo ya pili ndiyo inayoua, kwa sababu walinzi wanakuwa bado wanageuka. Tulilirudia wiki tatu, dakika ishirini kila siku, hadi vijana wakanichukia.

Hatua ya 4: Panga dakika zake za kukaa

Mechi ni dakika 40, na joto la Mombasa la Februari hulijui mpaka ulikimbilie. Mtoe dakika mbili za mwisho za robo ya kwanza, umrudishe baada ya dakika mbili za robo ya pili. Ukijumlisha na mapumziko ya kati ya robo hizo mbili, amepata kama dakika sita. Wale wa benchi wawe na mtindo wao wa kushambulia, wasimwigize yeye.

Na faulo! Tano, umetoka. Fainali moja wangu alikuwa na nne robo ya tatu, tukiongoza kwa pointi tisa. Nikamwacha, nikijiambia ana akili. Ya tano ikaja. Jioni ile tulivuka feri hakuna aliyesema neno.

Hatua ya 5: Mshawishi nyota mwenyewe

Mwambie habari za Michael Jordan. Msimu wa 1986–87 alikuwa na wastani wa pointi 37.1 kwa mechi, na Chicago Bulls wakatolewa raundi ya kwanza ya mchujo, 3–0, na Boston Celtics. Ubingwa ulikuja 1991, na katika mechi iliyowapa kombe, mwenzake John Paxson aliachwa wazi akafunga mfululizo dakika za mwisho, kwa pasi za Jordan.

Maneno peke yake hayatoshi. Baada ya kila mechi mimi husoma daftari mbele ya wote: kwanza waliomwekea mwenzao ukuta (kusimama njiani mwa mlinzi ili mwenzao apite), kisha rebaundi, pointi mwisho. Wavu wa mipira anabeba nyota.

Halafu mchezesheni watano kwa watano, dakika kumi, nyota haruhusiwi kurusha. Wangu siku ya kwanza alininunia, akawa anapiga pasi za kunikomoa. Dakika ya saba hivi nikamsikia anamfokea wa kona: "Rudi duarani mwako, nakuletea!"