Ziwa unaliona dirishani afu bomba kavu: namna ya kuishi na mgao wa maji Mwanza

Wageni wakifika Mwanza hawaelewi kabisa, ziwa lile pale, kubwa kuliko yote Afrika, na bomba la uani linakoroma tu hewa. Ila ukijua maji yanavyokufikia huwezi kushangaa, na kupanga mambo yako kunakuwa rahisi. Maji yanavutwa ziwani pale Capripoint na Butimba, yanasafishwa, yanasukumwa na pampu za umeme mpaka kwenye matangi ya milimani, ndo yanashuka majumbani. Ziwa lenyewe lipo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na mji wetu ni mawe na vilima, kwa hiyo umeme ukizingua au bomba kubwa likipasuka, au watu wa bondeni wote wakifungua koki asubuhi kwa pamoja, wa mlimani ndo wa kwanza kukosa na wa mwisho kupata. Mtambo wa Butimba umekuja na uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, sio mchezo, ila na mji nao unapanuka kila kukicha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza jua masaa ya bomba LAKO, sio ya mtaa. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kupishana masaa mengi kwa sababu moja ipo juu kidogo. Sehemu nyingi za mlimani maji yanakuja usiku wa manane watu wakiwa wamelala presha ikiwa imepanda, alfajiri yameshaondoka. Kama huna tanki, koki ya nje iache wazi kidogo tu, weka beseni la bati chini yake, likianza kulia utaamka mwenyewe. Za ndani zote funga, tafadhali, maana kuna watu wamefungua wakaona kavu wakaenda kazini, jioni wanakuta godoro linaelea.

Hesabu ya kuhifadhi sio ngumu. Ukijibana kweli mtu mmoja anaenda na lita 20 kwa siku, kunywa, kupika, kuoga kwa kopo, choo. Watu watano ni lita 100, yaani madumu matano, kwa hiyo mgao wa siku tatu ni madumu 15 na hapo bado hujafua. Ndo maana mwenye uwezo anunue simtanki hata la lita 1,000 kuliko kurundika madumu jikoni mpaka mtu anapita kwa upande upande.

Tanki sasa, hapa ndo watu wanaharibu. Lita 1,000 ni tani nzima, usiliweke juu ya mbao za kuungaunga au matofali yaliyopangwa bila saruji, jenga msingi wa zege au stendi ya chuma ya fundi anayejielewa, na sehemu ya kukalia iwe tambarare lote liguse, likikaa nusu nusu linapasuka chini. Chukua jeusi au lenye rangi nzito, mwanga ukipenya ndani linaota ukijani. Weka floti lijifunge lenyewe likijaa, na bomba la kutolea lisiwe kwenye sakafu kabisa ya tanki, liinuliwe kidogo ili tope libaki chini. Mfuniko ufunge kweli, mbu anahitaji kama wiki moja tu kutoka yai mpaka kuruka na wale wa dengue wanapenda sana maji yaliyotulia majumbani. Pipa la wazi uani lifunike kwa kitambaa ukifunge na kamba, na kila wiki limwage ulisugue kuta maana mayai yanaganda pale.

Madumu nayo yanaoshwa. Tia kokoto ndogo na sabuni na maji kidogo, funga, tikisa mpaka mkono uchoke, suuza, utaona uteute wa kijani unavyotoka. Dumu lililobeba mafuta ya kula halina shida likioshwa vizuri, la dizeli, rangi au dawa ya shamba usilijaribu kabisa hata likinukia Omo.

Kinachookoa maji kuliko yote ni kuacha kuyachanganya. Ya kunywa na kupika yana dumu lake, lina mfuniko, hakuna mtu kuchovya kikombe, mimina au weka ndoo yenye koki. Ya kuoga na vyombo kivyake. Ya chooni hayatakiwi kuwa maji safi hata siku moja kama mgao umebana, maji ya kufulia yale ya kusuuza ndo yanaenda chooni, na ya kuoshea mboga yanamwagiwa mchicha. Vyombo osha kwa beseni mbili, moja la sabuni moja la kusuuzia, usifungulie koki ya tanki ikatiririka. Na wali uliogandia chini loweka mapema jamani, sufuria moja iliyokauka inakula maji ya kuogesha mtoto.

Sasa ziwani. Najua mkikwama mnashuka na madumu, au vijana wa toroli wanawaletea. Shida ya maji ya ufukweni ni kipindupindu, na kuna kichocho. Wadudu wa kichocho wanatoka kwenye konokono na wanaingia kupitia ngozi, huhitaji kuyanywa, kusimama tu magotini unachota inatosha. Wanatoka kwa wingi jua likiwa kali mchana, na mwambao wenye magugu na maji yaliyotulia ndo makao yao. Chota kwenye gati au juu ya jiwe bila kuingia majini kama inawezekana, afu yaache kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kabla ya kuoga, wale wadudu wanakuwa wamekufa. Hiyo inaua kichocho tu, sio kipindupindu, kwa hiyo ya kunywa lazima uchemshe. Yakishachemka kwa nguvu kabisa dakika moja inatosha kwa mwinuko wa huku, kuchemsha nusu saa ni kuchoma mkaa wa bure. Mkaa hamna? Vidonge vya kutibu maji vipo maduka ya dawa, fuata maelezo ya pakiti, ila kama maji yana tope yatulize na uyachuje kwanza maana dawa inaishia kwenye uchafu.

Boza ukiita muulize dereva kajaza wapi, na hata akikujibu vizuri yachukulie ni ya kufulia na kuogea mpaka uyachemshe. Boza la lita 5,000 ni kubwa kwa nyumba moja, changeni majirani wanne watano, na hela itoke baada ya kuona maji yanaingia kwenye tanki, sio kabla.

Mvua watu wa Mwanza tunaichezea sana. Kwenye visiwa vya Karibiani kama St. Thomas, sheria ya ujenzi inataka nyumba iwe na tangi la maji ya mvua ya paa, wanalijenga chini ya nyumba kabisa. Sisi tuna vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei, na mabati, ila gata hatuna! Bati la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 20, ni karibu lita 960, toa yanayopotea bado una zaidi ya 700 kwa mvua moja. Dakika za mwanzo yaache yaende, yanaosha vumbi na kinyesi cha kunguru, afu ndo uelekeze mpira kwenye tanki.

Maji yakirudi usikimbilie kujaza tanki. Yale ya kwanza yana kutu na tope lililoingia bomba likiwa tupu, kinga kwenye ndoo za choo mpaka yatakate. Fungua koki taratibu pia, hewa inayotangulia inaweza kuzungusha mita. Na mkiwa wapangaji wengi mita moja, kubalianeni kabisa nani anaamka usiku kufungua na kila mlango unachota madumu mangapi, kabla maji hayajakata, maana yakishakata hakuna mazungumzo pale.