Somo: Kutafuta ukinzani na wati ukiwa na volti na ampea

Somo hili ni la wanafunzi wa skuli na mafundi vijana wa hapa Pemba. Wengi wameshahifadhi fomula, lakini ukiwauliza kwa nini pasi ile ile inanyoosha kanzu vizuri mchana na usiku haipati moto, wananyamaza. Jibu limo humo humo kwenye fomula.

Tunazihitaji mbili tu. Ya kwanza ni V = I × R, kanuni ya Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. Ya pili ni P = V × I. V ni volti, I ni mkondo kwa ampea, R ni ukinzani kwa omu, P ni wati.

Hatua ya 1: Pima volti. Umeme wa majumbani kwetu unatakiwa uwe volti 230. Mwanafunzi asiye na fundi pembeni asiguse umeme wa nyumba. Atumie betri ya volti 12 na balbu yake, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 2: Pima ampea, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Mita yenye taya ndiyo salama zaidi, kwa sababu hukati waya. Lakini bana waya mmoja tu. Ukibana waya mzima wa pasi, wenye nyaya zote ndani yake, mita itakwambia sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Ndiyo maana fundi makini huwa na ekstensheni fupi iliyochanwa ganda la nje, nyaya za ndani zikabaki na maganda yao, apate pa kubana. Tuseme pasi yetu imesoma ampea 4.35.

Hatua ya 3: Gawanya. R = 230 ÷ 4.35, unapata omu 53 hivi.

Hatua ya 4: Zidisha. P = 230 × 4.35, yaani wati 1,000.

Hatua ya 5 ndiyo yenye somo lenyewe. Usiku umepima tena, volti zimeshuka hadi 190. Wengi hudhani pasi itabaki na wati zake 1,000, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Sivyo. Kinachobaki na pasi ni ukinzani, zile omu 53. Kwa hiyo ampea sasa ni 190 ÷ 53 = 3.58, na wati ni 190 × 3.58 = 680. Volti zimepungua kwa asilimia 17, wati zimepungua kwa asilimia 32. Ukiziunganisha fomula mbili utaona sababu: P = V² ÷ R. Volti inaingia mara mbili. Wati za kwenye kibandiko ni za volti zilizoandikwa pembeni yake, basi. Soma namba zote mbili.

Masuala ya wanachama

Mwanafunzi, Mkoani: Shikamoo maalim. Balbu ya waya ya wati 100, kwa hesabu napata omu 529. Nimeipima ikiwa imezimwa, mita inasema 40. Mita mbovu?

Marahaba mwanangu. Mita nzima, na hesabu yako sahihi. Waya wa balbu ukiwaka unapita nyuzi joto 2,000, na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Ukiwa baridi unaruhusu mkondo mkubwa sana kwa kitambo kidogo, ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale unapowasha. Waya wa pasi ni wa aina nyingine, ukinzani wake haubadiliki sana.

Fundi, Konde: Maalim, friji nimepima volti 230 na ampea 1.2, inakuja 276. Kibandiko kinasema wati 180.

Friji ina mota, na kwenye mota volti na mkondo havipandi na kushuka kwa pamoja. Inabidi uzidishe tena kwa pawa fakta, yaani ile sehemu ya volti mara ampea inayotumika kweli. Hapo kwako ni kama 0.65. Wala usigawanye volti kwa ampea ukadhani umepata ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota. Na zingatia hili: volti zikishuka, pasi inapunguza ampea, lakini mota iliyolemewa inaziongeza, koili zikapata moto. Zikifika 190, pasi iache, friji izime.

Mwanafunzi, Chake: Kwa nini waya wa baharini kutoka Tanga una volti 33,000, na sisi tunatumia 230?

Kwa sababu joto linalopotea njiani ni I² × R. Wati zile zile kwa volti kubwa ni ampea chache, na ampea zikiwa chache joto linalopotea ni dogo.

Mama, Wete: Birika langu la umeme zima kabisa, ila plagi inayeyuka upande mmoja. Nimeshabadilisha plagi, imeyeyuka tena.

Pole dada. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8.7. Pini moja ikiwa imelegea, tuseme pana ukinzani wa nusu omu tu, joto la hapo ni 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi redio kimekaa ndani ya plagi yako. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika, maana ampea hazijazidi. Tatizo liko kwenye soketi: vibati vya ndani vimeshapoteza mbano. Mwite fundi azime swichi kuu, abadilishe soketi na plagi kwa pamoja.