Mjeda akirudi misheni, namna ya kumuuliza kuhusu afya ya akili

Kaka yangu alivyorudi Moshi kutoka misheni Kongo tukachinja mbuzi, watu wote wakasema yuko fiti. Mwezi wa nne tangu arudi ndo tukaanza kuona mambo, bodaboda ikilia pa! barabarani anashtuka mpaka chai inamwagika, usiku hasinzii, anakaa kibarazani anaangalia tu njia ya migombani.

Mimi ni nesi, kwahiyo sikilizeni. Usimuulize siku ya kurudi halafu ukaishia hapo, siku ile kila askari anataka kufika kwao so atakujibu niko poa. Marekani wanawauliza tena baada ya miezi 3 mpaka 6, na hiyo mara ya pili ndo wengi zaidi wanafunguka.

Mkae wawili tu, na mwambie mapema majibu yake yataonwa na nani, maana anaogopea kazi yake.

Akishakubali kwamba kuna tukio baya limempata, muulize kuhusu mwezi uliopita: limemjia kwenye ndoto au mawazoni bila kutaka? Anajitahidi asilikumbuke, au anakwepa vitu vya kumkumbusha? Yuko macho muda wote, anashtuka ovyo? Anajiona kafa ganzi, yuko mbali na watu? Anajilaumu, au analaumu wengine, na hawezi kuacha? Hili la mwisho usiliharakishe. Kaka alichanachana jani la mgomba lote ndo akasema "ndiyo" kwa sauti ya chini sana.

Ndiyo 3 au zaidi kwenye hayo maswali matano, aonwe na mtaalamu. Haimaanishi tayari ni mgonjwa, ina maana apimwe vizuri. Muulize pia pombe. Na muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo jamani, na akisema ndiyo usimwache peke yake hata dakika, ondoa silaha na sumu za shambani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ila kama hujajua utampeleka wapi usianze kuuliza kwanza. Uingereza waliwapima maelfu ya askari waliotoka Afghanistan wakawapa ushauri kwa kompyuta, hali zao hazikuwa nzuri kuliko za wenzao ambao hawakupewa ushauri wa majibu yao. Karatasi peke yake haitibu mtu. Huku Moshi kuna hospitali ya KCMC, Arusha anzieni hospitali ya Mount Meru, na msimwachie aende mwenyewe, mimi nilipanda naye daladala nikakaa naye foleni mpaka jina lake likaitwa.